Baada ya zulia: kustaafu jimnastiki ya mdundo

Evgeniya Kanaeva wa Urusi alitwaa dhahabu ya Olimpiki Beijing 2008, akairudia London 2012, kisha akastaafu akiwa na miaka 22. Margarita Mamun alishinda Rio 2016 akiwa na miaka 20, na mwaka uliofuata akatangaza kuwa ameachana na mashindano. Linoy Ashram wa Israeli alishinda katika michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021, na ilipofika Aprili 2022 akaaga, hajatimiza hata 23. Wapo waliodumu zaidi. Almudena Cid wa Hispania aliingia fainali nne za Olimpiki, kuanzia Atlanta 1996 hadi Beijing 2008, na Mhispania mwenzake Carolina Rodríguez alipanda zulia la Rio akiwa na miaka 30. Hao wanatajwa sana kwa sababu ni nadra.

Katika mchezo huu, basi, mstaafu ni binti ambaye wenzake wa rika moja ndiyo kwanza wanamaliza chuo. Aliingia ukumbini akiwa na miaka mitano au sita, akaruhusiwa mashindano ya wakubwa mwaka anaotimiza 16, na anapoondoka mifupa yake bado inaendelea kujijenga. Hajawahi kupanga siku yake mwenyewe, kwa kuwa siku zote ilipangwa na kocha. Jambo ambalo wengi wetu tuliopita humo tunakubaliana nalo ni kwamba kuacha ni kazi yenye hatua zake, na hatua hizo zinatakiwa zianze walau mwaka mmoja kabla ya shindano la mwisho. Anayesubiri mpaka siku ya kuvua viatu ndipo aanze kufikiri huwa amechelewa, na mwili ndio wa kwanza kumwonyesha.

Kwa nini mwili? Tazama mchezo unadai nini. Zulia lina mita 13 kwa 13. Onyesho la mchezaji mmoja mmoja huchukua sekunde 75 hadi 90, na la kikundi cha watu watano dakika mbili na robo hadi mbili na nusu. Ndani ya muda huo mdogo kuna miruko ya kufungua msamba hewani, kusimama kwa mguu mmoja juu ya vidole huku mguu mwingine umepita usawa wa kichwa, mizunguko, na mitupo ya hatari ambapo kifaa (ringi, mpira, virungu au utepe) kiko juu nawe unabiringika angalau mara mbili kabla ya kukidaka. Ili upate sekunde hizo 90 safi, wachezaji wa ngazi ya juu hufanya mazoezi saa 30 kwa wiki au zaidi, siku sita.

Tena mazoezi hayo hayajengi pande mbili sawa. Kila mchezaji ana mguu anaoupenda kuunyanyua na mguu anaousimamia. Kwa kuwa alama zinatafutwa, kocha humwekea vipengele vigumu kwenye upande ulio bora, na upande huo unazidi kuwa bora. Mwisho wa miaka kumi na tano, mguu wa kusimamia una nguvu za kifundo na makalio ambazo mwenzake hana, na mguu wa kunyanyua umelegea nyonga kuliko mwenzake. Kiuno kimezoea kupinda nyuma na kugeukia upande mmoja. Ukimtazama mchezaji kama huyo amesimama tu akisubiri basi, utaona amelemea mguu mmoja, goti limerudi nyuma kupita mstari wake, na tumbo limesukumwa mbele. Watu husifu kwamba ana mkao mzuri. Mabega ni mazuri kweli, lakini kiuno kinabeba mzigo usio wake.

Sasa linakuja lile ambalo wengi hawaambiwi. Ukiacha mazoezi ghafla, nguvu huondoka kwa wiki chache, lakini ulegevu wa viungo hubaki kwa miaka. Kano zilizovutwa tangu utotoni hazirudi kukaza kwa sababu umetundika viatu. Iliyokuwa ikishikilia viungo hivyo ni misuli, na misuli ndiyo inayosinyaa. Ndiyo maana mstaafu anaweza kukaa miezi miwili akiona raha, kisha mwezi wa tatu au wa nne akaanza kuumwa kiuno na nyonga kwa namna ambayo hakuijua hata alipokuwa akijipinda kila siku. Wengi hudhani ni jeraha la zamani limeamka. Mara nyingi ni kiungo kilichobaki bila mlinzi.

Kwa hiyo punguza kwa ngazi. Kama ulikuwa ukifanya saa 30, wiki mbili za kwanza baada ya shindano la mwisho ziwe 20, mbili zinazofuata 12, kisha ubaki na tano au sita za kudumu. Cha kutoa kwanza ni misamba ya kupitiliza, yaani ile ya kuweka mguu juu ya kiti au matofali ili uvuke nyuzi 180, pamoja na kupinda mgongo kwa kurudiarudia. Hivyo vilikuwa vya alama, na alama zimekwisha. Cha kuacha mwisho ni mazoezi ya nguvu, na kwa kweli hayo usiyaache kabisa. Msamba wa kawaida sakafuni mara moja au mbili kwa wiki hauna ubaya kwa anayeupenda, mradi ameshapata joto mwilini na hausukumi.

Mazoezi ya nguvu ninayoyapa uzito ni machache. La kwanza ni kulala chali, magoti juu, mikono imeelekea dari, kisha kushusha mkono wa kulia na mguu wa kushoto taratibu bila kiuno kuachana na sakafu, halafu kubadilisha. Mcheza jimnastiki atalidharau zoezi hili kwa kuwa linaonekana la watoto, lakini weka kiganja chini ya kiuno chake uone: mguu ukifika nusu ya safari kiuno kinainuka. Afanye nane kila upande, seti tatu, na aishie pale kiuno kinapotaka kuinuka, hata kama mguu uko juu bado. La pili ni kusimama kwa mguu mmoja na kuinama mbele kutoka kwenye nyonga, mgongo umenyooka, uzito mdogo mkononi. Hapa anza na upande dhaifu, na upande huo uongeze seti moja mpaka miguu ilingane. La tatu ni kunyanyuka juu ya vidole kwa mguu mmoja, sekunde tatu kupanda na tatu kushuka, goti likiwa limenyooka bila kurudi nyuma. Mtu mzima mwenye afya anatarajiwa kufikia kama 25 kwa mwendo wa kawaida. Mstaafu wetu atafika kwa mguu wa kusimamia bila shida, na wa pili utamwaibisha kwenye kumi na kitu. Pengo hilo ndilo la kuziba. Siku mbili au tatu kwa wiki zinatosha, na siku nyingine atembee kwa kasi, aogelee au aendeshe baiskeli, kwa sababu moyo uliozoea kazi nao haupendi kuachwa ghafla.

Kuna maumivu ambayo hayatakiwi kufanyiwa mazoezi kabla ya kuonwa na daktari. Simama kwa mguu mmoja, pinda mgongo nyuma. Kama kuna sehemu moja ya chini ya kiuno, upande mmoja, inayochoma unapofanya hivyo, na imekuwa hivyo zaidi ya wiki mbili tatu, omba uchunguzi wa pingili ya tano ya kiuno. Hapo ndipo ufa wa mfupa unaotokana na kupinda kwa kurudiarudia hupenda kukaa, na picha ya kawaida ya eksirei inaweza isiuonyeshe mapema, kwa hiyo daktari huenda akahitaji kipimo cha MRI au CT. Tiba yake kwa kawaida ni kupumzisha mgongo kwa miezi, na mstaafu ana bahati ambayo mchezaji hana: hakuna shindano linalomsubiri. Nyonga inayonasa au kubana kwa ndani unapokalia kiti kifupi ionwe pia. Na chini ya dole gumba kuna vifupa viwili vidogo ambavyo miaka ya kusimama kwa vidole huvichosha. Viatu vyetu vya nusu wayo hufunika mbele tu na kuacha kisigino wazi, wala havina kinga yoyote ya maana. Ukiacha, vaa viatu vyenye soli nene kiasi, na usikimbilie visigino virefu mwaka wa kwanza.

Chakula kinataka maelezo marefu zaidi, kwa sababu hapa ndipo uharibifu mkubwa wa mchezo huu ulipo. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko lake la kwanza kuhusu upungufu wa nishati kwa wanamichezo mwaka 2014, na hesabu yake kila mstaafu anapaswa kuijua. Chukua nguvu ya chakula unachokula kwa siku, toa nguvu inayotumika mazoezini, kilichobaki gawanya kwa kilo za mwili wako ukiondoa mafuta. Ukipata karibu kalori 45 kwa kila kilo, mwili una cha kutosha kuendesha shughuli zake. Ukiwa chini ya 30, mwili unaanza kuzima baadhi ya kazi.

Tuseme mchezaji ana kilo 40 zisizo mafuta, na mazoezi yanamla kalori 600. Akila 1,600 kwa siku, kinachobaki ni 1,000, gawanya kwa 40 unapata 25. Kwa macho ya watu anakula, wala halalamiki njaa, kwa kuwa njaa imeshachoka kubisha hodi. Lakini hedhi inaruka au haiji kabisa, mifupa inapoteza madini, kidonda kidogo hakiponi, na usingizi ni wa mang'amung'amu. Ili afike 45 anahitaji 2,400. Tofauti hiyo ya kalori 800 si sahani moja ya ziada ya mboga za majani. Ni wanga na mafuta na protini, zilizogawanywa kwenye milo mitatu na vitafunio viwili au vitatu, kwa sababu tumbo lililozoea kidogo halitapokea mzigo wote mara moja. Unaongeza kalori 200 au 300 hivi, unakaa wiki moja, unaongeza tena.

Binti ambaye hajapata hedhi mpaka miaka 15, au aliyekuwa akipata ikakatika kwa miezi mitatu, aende kwa daktari. Makocha wengi wa zamani walikuwa wakisema ni kawaida ya mchezo. Ni jambo la kawaida kwa maana ya kwamba linatokea mara nyingi, lakini mfupa haujui kawaida hiyo. Kipimo cha msongamano wa mfupa hulinganisha mfupa wako na wa watu wa rika lako, na kwa mwanamichezo aliyeruka maisha yake yote, matokeo yaliyo chini ya -1 (0 ikiwa ndio wastani wa rika lako) tayari ni ya kufuatilia, kwa kuwa mfupa unaopigwa na miruko ulitakiwa uwe mzito kuliko wa wengine. Habari njema ni kwamba anayestaafu akiwa na miaka 20 bado ana miaka kadhaa ya kuujenga. Kalsiamu inayopendekezwa ni miligramu 1,300 kwa siku hadi miaka 18 na 1,000 kuanzia 19, lakini kalsiamu bila chakula cha kutosha ni saruji bila maji. Hedhi irudi kwanza kwa kula, na anayepewa vidonge vya uzazi wa mpango ili damu tu ionekane aulize vizuri, maana vidonge hivyo huficha dalili bila kurudisha mfupa.

Mwili utabadilika. Nyonga zitapanuka, kifua kitakuja, uzito utaongezeka. Sehemu kubwa ya mabadiliko hayo ni balehe iliyocheleweshwa ikidai haki yake. Naomba hili lisemwe kwa sauti na wazazi na makocha, kwa sababu ndipo wasichana wengi hurudi kwenye kujinyima, wakiwa hata hawashindani tena. Mizani iondolewe nyumbani. Mchezaji aliyepimwa kila asubuhi mbele ya wenzake hawezi kuitazama namba ile kama namba. Mwaka 2022 nchini Italia wachezaji wa zamani wa timu ya taifa walijitokeza hadharani kueleza jinsi walivyodhalilishwa kwa ajili ya uzito, na mwaka huohuo Uingereza ikatoa ripoti ya uchunguzi huru kuhusu jimnastiki yote, iliyokuta mambo yaleyale ya kupima uzito na kutweza. Kusoma ushuhuda wa aina hiyo kunasaidia. Msichana aliyedhani ni yeye peke yake hugundua kwamba lilikuwa tatizo la mfumo, na hapo anaweza kwenda kwa mshauri nasaha akijua anaeleza nini.

Wiki za kwanza zina ugumu wa aina nyingine, ambao ni wa ratiba. Mtu aliyepangiwa kila saa hujikuta saa nne asubuhi hana la kufanya, na hapo huzuni hupata mlango. Dawa yake ni ya kawaida sana: weka saa maalumu za kuamka, kula na kusoma kabla siku ya mwisho haijafika, na uwe umeshajiandikisha mahali fulani, iwe shule, mafunzo au kazi ya nusu siku. Mitihani ya shule iliyoachwa njiani ikamilishwe msimu ule wa mwisho. Kusanya pia kumbukumbu zako mapema: video za maonyesho yote, vyeti, matokeo yenye tarehe na jina la shindano, barua ya kocha. Klabu hubadilisha viongozi, makabati hufunguliwa na kutupwa, na baada ya miaka mitano hakuna atakayekumbuka ulishika nafasi ya ngapi. Mavazi ya mashindano yana thamani na wadogo huyanunua, hasa yenye vito vilivyobandikwa kwa mkono. Yafuliwe kwa mkono kwa maji baridi, yasikamuliwe, yaanikwe yakiwa yamelazwa, la sivyo kitambaa huvutika na vito hudondoka.

Kuhusu kazi, njia zilizozoeleka ni ukocha, ujaji na jukwaa.

Ukocha ndio unaowavuta wengi, na ndio unaoharibiwa na wengi, kwa kuwa mtu hufundisha alivyofundishwa. Kujua kufanya na kujua kufundisha ni vitu viwili. Mchezaji mzuri hudaka mpira bila kujua kwa nini haukulia mkononi, na mtoto wa miaka saba anahitaji aambiwe. Basi aambiwe hivi: mpira hukaa kwenye kiganja kilicho wazi, vidole vimekaribiana na havijaushika, wala mpira usiegemee mkono chini ya kiganja, maana majaji hukata kwa hilo. Unaporusha, magoti huanza kwa kukunjika, mkono umenyooka kuanzia begani, na mpira huachiwa mkono ukiwa umepanda mbele ya macho. Ukiachiwa mapema unakwenda mbele, ukicheleweshwa unapita nyuma ya kichwa. Kudaka ni kuufuata: mkono uende juu ukutane na mpira, kisha ushuke nao, ndipo sauti inapotea. Mtoto anayesubiri mpira umfikie tumboni ataupiga, na utaruka.

Utepe nao una siri yake. Wa wakubwa ni mita 6 na wa vijana mita 5, upana sentimita 4 hadi 6, na fimbo yake sentimita 50 hadi 60. Kwa watoto anza na mfupi zaidi. Kidole cha shahada kinyooke juu ya fimbo, mwisho wa fimbo ukae ndani ya kiganja, na mchoro utoke kwenye kiwiko cha mkono, yaani pale kiganja kinapoungana na mkono, huku kisukusuku kimetulia. Mizunguko midogo ya utepe iwe minne au mitano yenye kimo kimoja, na ya mwisho iwe imeumbika sawa na ya kwanza. Fundo linatokea pale mkono unaposimama huku mkia bado unakuja: sehemu ya nyuma inaifikia ya mbele na kujifunga. Kwa hiyo mwanafunzi anayefungwa fundo kila mara usimwambie aongeze nguvu. Mwambie asisimamishe mkono anapofikiria hatua inayofuata. Upepo wa kiyoyozi pia huuvuruga utepe, na ukumbi mgeni ujaribiwe kwanza kwenye kona zote nne.

Kwa upande wa kunyoosha viungo, kanuni yangu ni kwamba uzito wa mtu mzima usikae juu ya mguu wa mtoto. Kushikilia mnyoosho sekunde 30 baada ya mwili kupata joto, kurudia mara mbili tatu, pande zote mbili, kunatosha kwa mwanzo. Maumivu ya nyuma ya paja, katikati ya msuli, ni ya kawaida kwa kiasi. Maumivu ya kwenye mfupa wa kukalia, au mbele ya nyonga, ni ya kuacha papo hapo. Na kila kipengele kifundishwe pande zote mbili mpaka mtoto afike angalau miaka 12, hata kama upande mmoja hautapata alama kamwe. Ni uamuzi unaomgharimu kocha medali za watoto, na nausimamia.

Ujaji unafaa kwa mwenye jicho na subira ya kusoma. Shirikisho la Kimataifa la Jimnastiki (FIG) hubadilisha kanuni za alama kila baada ya Olimpiki, na leseni ya jaji hufuata mzunguko huo: mafunzo upya, mtihani wa nadharia, mtihani wa kutazama maonyesho na kutoa alama. Anza na ngazi ya klabu na taifa ukiwa bado unashindana, maana utasoma kanuni kwa ajili yako mwenyewe. Utagundua mambo ambayo kocha alikuambia kwa mkato tu. Katika kanuni za 2022 hadi 2024, kwa mfano, kifaa kikikuponyoka ukakichukua bila kusogea unakatwa 0.5, ukipiga hatua moja au mbili 0.7, na kuanzia hatua tatu 1.0. Kifaa au mguu ukivuka mstari ni 0.3. Mchezaji anayezijua namba hizi moyoni huamua kwa nusu sekunde akifuate kifaa au achukue cha akiba kando ya zulia.

Na uamuzi huo wa nusu sekunde ni mtaji wa kweli wa mstaafu, hata nje ya michezo. Sydney 2000 ringi ya Alina Kabaeva ilimtoroka ikatoka nje ya zulia, akamaliza wa tatu, na Athens 2004 akarudi kuchukua dhahabu. Tokyo, Ashram aliangusha utepe kwenye onyesho lake la mwisho, akaendelea kana kwamba ndivyo lilivyopangwa, na akashinda kwa 107.800 dhidi ya 107.650 za Dina Averina. Anayeandika barua ya kuomba kazi asiandike tu kwamba ana nidhamu, neno ambalo kila mtu analiandika. Aeleze kwamba amezoea kujifunza mfululizo wa hatua kwa siku chache, kuutekeleza mbele ya watu kwa muda uliopimwa, na kuendelea baada ya kosa bila kubadilika uso. Mwajiri ataelewa.

Jukwaa, yaani sarakasi za kisasa, dansi na maonyesho ya hotelini au melini, hulipa haraka kuliko njia nyingine, lakini sakafu yake ni ngumu. Chini ya zulia la mashindano kuna sakafu inayonesa, na jukwaani mara nyingi ni mbao juu ya zege. Tena onyesho linaweza kurudiwa mara mbili kwa siku, wiki nzima. Muulize mwajiri kabla ya kusaini: sakafu ni ya nini, maonyesho ni mangapi kwa wiki, bima ya jeraha inalipwa na nani, na dari ina urefu gani. Hilo la dari husahauliwa. Mtupo wa virungu unaohitaji mita nane hauwezi kufanyika chini ya taa zilizo kwenye mita tano, na onyesho lote litabidi litungwe upya.

Wapo pia wasiotaka kazi yoyote ya mchezo huu bali wanaukumbuka mwili wao ukitembea na muziki, na baada ya mwaka mmoja au kumi wanarudi kwenye madarasa ya watu wazima. Warudi, ni jambo zuri sana. Waanze na mpira, kwa kuwa hausumbui viungo na mikono huukumbuka haraka. Virungu vifuate, na utepe ukija uwe mfupi. Miruko ya msamba isubiri mpaka mtu aweze kuruka na kutua kwa mguu mmoja mara kumi bila goti kuingia ndani. Mgongo wa kupinda nyuma usubiri zaidi ya hapo, na aliyewahi kupasuka pingili auache kabisa. Viatu vya zamani vitakuwa vimekauka na vinateleza, kwa hiyo vinunuliwe vipya kabla ya mzunguko wa kwanza, saizi ipimwe upya, maana wayo wa miaka 30 si ule wa miaka 18.